Kizuka na Gari Lake la Silinda Nane

Jumamosi, 12 Aprili

Mwalimu wangu wa kidato cha pili kule Zanzibar alisema mimi Sabri sitaandika kitu zaidi ya jina langu, na hilo nalo kwa bahati. Basi mwalimu, kaa kitako usome. Leo limetokea jambo, na aliyeliona lote ni mimi peke yangu, maana wengine walikuwa wameinamia juzuu.

Leo ilikuwa hitma ya siku ya tatu ya Mzee Badawi, mume wa Bibi Bimkubwa. Bibi Bimkubwa ni dada wa bibi yangu mzaa mama. Mimi naishi hapa Falls Church, Virginia, Marekani, kwa mwanawe, Mjomba Yasir, chumba cha chini, jirani na mashine ya kufulia. Wanaume tulijaa sebuleni, wanawake juu. Nje chavua ya miti imefunika kila kitu, njano kama bizari. Mara nikasikia lori linarudi kinyumenyume: pi, pi, pi. Nikachungulia. Lori la kuvuta magari, na mgongoni limebeba gari. Mwalimu, gari! Pana, pua ndefu kama papa, kutu toka taa hadi taa, kioo cha nyuma hakuna, kiti cha dereva kimeota manyoya kwa panya walivyozaliana humo.

Mjomba Yasir akatoka na kanzu yake iliyopigwa pasi. "Umekosea nyumba," akamwambia dereva.

"Hakukosea." Sauti imetoka juu ya ngazi. Bibi Bimkubwa, nguo nyeupe tupu, macho mekundu, mkono umeshika ukuta.

"Mama, hili nini?"

"Pontiac Firebird. Niliiagiza kabla babako hajafa. Sikujua kama atakufa."

"Mama, watu wanasoma."

"Na wasome. Lori halisomi. Mwambie aliingize gerejini."

Na dereva akaliingiza. Kule ndani mzee mmoja alikuwa ameshafika katikati ya aya, akanyamaza, akatazama dirishani, kisha akaanza upya mwanzo wa sura. Nimecheka mpaka nikajifanya nalia. Watu wakanipa pole.

Jumatatu, 14 Aprili

Kwa asiyejua: mjane kwetu hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Tunamwita kizuka. Havai rangi, hatii wanja wala manukato, hatoki nje ila kwa dharura, na hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Mjomba Yasir anazijua sheria hizi kuliko Bibi mwenyewe. Kazini kwake Herndon analinda kompyuta za watu zisiingiliwe, akirudi nyumbani anamlinda mamake.

Leo baada ya chakula akasema, "Mama, gari hilo nimelivumilia kwa sababu ya msiba. Siku utakayotoka eda, nalo litoke. Kama haliendi lenyewe, litaondoka kama lilivyokuja, juu ya lori, na halirudi."

"Na likienda lenyewe?"

"Haliendi."

"Nimekuuliza likienda."

Mjomba akatazama sahani yake. "Likienda, sitasema neno."

"Sabri, umesikia?"

"Nimesikia Bibi."

"Basi kesho tutaanza."

Tutaanza! Na sisi ni nani? Fundi mwanamume haruhusiwi kuingia alipo kizuka. Maharimu wenye mikono ndani ya nyumba hii ni wawili: Mjomba Yasir, ambaye hata wipa hubadilishiwa, na mimi, mjukuu wa dada mtu. Na mimi ni fundi. Nafanya kazi kwa Mwaura, gereji ya tairi pale Route 50. Kweli nabadilisha tairi tu, lakini tairi si sehemu ya gari?

Jumamosi, 19 Aprili

Nimewafukuza panya. Mmoja kanishinda.

Jumapili, 27 Aprili

Bi Mwatumu amekuja. Huyu ni shoga yake Bibi tangu Unguja, anakaa Columbia, anaendesha saa nzima kuja kutupa nasaha. Amemkuta Bibi kachuchumaa mbele ya gari, nguo nyeupe ya eda ina alama ya mafuta meusi mapajani, mkono mmoja umeshika spana.

"Bimkubwa! Eda gani hii?"

"Ya kwangu."

"Kizuka hatoki nyumbani!"

"Nimetoka wapi? Mlango huo hapo, jiko hilo hapo. Nasikia wali ukiungua."

"Gereji si nyumba."

Wakabishana mpaka wali ukaungua kweli. Mwisho Bi Mwatumu akatoa simu akampigia sheikh, akaweka sauti juu tusikie wote. Sheikh mpole, wa watu. Akauliza, "Gereji ina mlango wa kuingilia ndani?" Inao. "Paa ni moja?" Moja. "Basi hiyo ni nyumba, mama."

"Na gari, sheikh? Halali kizuka kukaa ndani ya gari?"

"Maadamu haliendi, ni chombo cha nyumbani, kama friji."

Hapo Bibi akasogea kwenye simu. "Na likiwaka bila kutoka?"

Tukasikia mtoto analia nyuma ya sheikh. "Mama, hilo nitalitazama, nitakupigia."

Mjomba Yasir alikuwa mlangoni muda wote huo. Akaondoka bila kusema kitu, akapanda gari lake la umeme, likaondoka nalo bila kusema kitu. Gari lisilo na sauti kama lile mimi siliamini. Linakuja kama mdai.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekiri kwa Mwaura kwamba kabureta siijui. Sikukiri hivyo. Nilimwambia, "Njoo uone nilivyoifungua." Akaja na pikapu yake baada ya kazi. Mwaura ni Mkikuyu wa Thika, Mpresibiteri, ana tumbo la heshima na mikono inayosikia injini kama daktari anavyosikia moyo. Lakini kuingia hawezi. Basi tukateremsha mlango wa gereji mpaka ukabaki wazi kiasi cha goti, na pengo lile Bibi akalitundikia kanga zake mbili. Moja imeandikwa: Mwenye jicho atazame, mwenye mdomo auchunge.

Mwaura akaketi nje juu ya ndoo, akamwita Bibi kama kwao wanavyowaita mabibi.

"Shosho, shikamoo! Ama mnasemaje huku?"

"Marahaba mwanangu. Nisamehe sikukaribishi."

"Usijali Shosho, mimi niko sawa na upepo. Sabri! Umeona kaskurubu kadogo kando ya kabureta?"

"Nimekaona."

"Usikaguse."

"Nishakafungua."

Nikasikia ndoo inalia kwa jinsi alivyogeuka. "Manze wewe ni fala. Sasa kametokea wapi? Shosho, wewe uliona?"

"Niliona," Bibi akasema. "Sikusema kitu, nikidhani anajua."

Mimi, ati, anadhani najua! Nimefurahi hata nikasahau kuona haya.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Rejeta inavuja. Mvua nayo inavuja.

Jumapili, 18 Mei

Nimemuuliza Bibi kwa nini gari hili na si Corolla kama watu wenye akili zao. Alikuwa anasugua kutu kwenye bampa kwa msasa, hakuacha kusugua.

Kumbe yeye alikwenda Maskati akiwa msichana, miaka ile Wazanzibari wenye asili ya huko walipokuwa wakirudi na kupewa kazi wizarani kwa sababu wamesoma. Akapiga taipu wizarani. Mshahara wa kwanza kampelekea mamake. Baada ya hapo kaweka, kaweka, akanunua gari la mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anafunga safari. Firebird, rangi ya asali. Ndilo gari la kwanza la mwanamke mtaani kwao.

"Nikipita, Sabri, wanaume wa dukani husimama. Si kwa uzuri wangu. Husimama ili wasigongwe."

"Ulikuwa mbaya wa kuendesha?"

"Nilikuwa hodari. Wao ndio hawakuwa hodari wa kuvuka."

"Likaishia wapi?"

"Niliolewa." Akapuliza vumbi la kutu. "Mzee Badawi alinipenda, Mungu amrehemu. Akasema mke wake hawezi kuendesha gari lenye sauti ile. Akaliuza, akaninunulia bangili. Bangili zenyewe hizi, sijawahi kuzivua ila mwezi uliopita, kwa eda."

Nikatazama mikono yake. Pale zilipokaa bangili ngozi ni nyeupe kidogo. Nikataka kusema neno la busara. Nikasema, "Silinda ngapi?"

"Nane," akasema, akacheka mara ya kwanza tangu msiba.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Watu wote nguo mpya, Bibi yuko kwenye nguo yake nyeupe ya mafuta. Amenipa sahani ya pilau juu ya boneti. Mjomba Yasir katupita, kanipa mkono wa Idi, kajifuta.

Jumamosi, 21 Juni

Joto la Virginia si joto, ni mtu mnene aliyekukalia. Hata hivyo leo injini imezunguka! Haikuwaka, imezunguka. Stata mpya, betri mpya, Mwaura nje anapiga kelele, "Tena! Tena! Sikia hiyo! Hiyo ni muziki!" Bibi kakaa kitini kashika usukani, mguu kwenye klachi, kanyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikamwambia likiwaka mimi ndiye nitakayelitoa kwanza, kulijaribu, maana mimi ni kijana na nina nguvu za usukani.

Hakujibu. Kimya cha mtu mzima ni ndiyo.

Jumamosi, 19 Julai

Mwalimu, leo niandike polepole nisiruke kitu.

Bi Mwatumu siku hizi ametugeukia. Tangu asikie injini inazunguka kwenye simu, kila wiki anauliza habari za gari kama za mgonjwa, na ameanza kuwajibu wanawake wanaosema, "Mumewe hata hajapoa kaburini, yuko na magari." Anawaambia, "Nyinyi wenu wakifa mtakaa eda na televisheni." Leo akaja na kikapu. Akanong'ona, "Sabri, gari hili limeshasemwa sana. Husuda ile itazima hata treni. Lazima lifukizwe."

Nikamwambia kwamba Bibi haruhusiwi manukato.

"Sikuleta udi, mjinga wewe. Ubani. Ubani ni dawa."

Mimi nilikuwa nimevua kabureta tena. Nimeviloweka vipande vyake katika sufuria ya petroli, sakafuni, karibu na gurudumu la mbele. Nikaenda chini ya mlango kuzungumza na Mwaura aliyekuwa nje juu ya ndoo yake. Bibi yuko kitini anapaka sabuni dashibodi. Sijui hili wala lile, Bi Mwatumu ametokea jikoni na chetezo. Makaa mekundu, moshi wa ubani, anazunguka gari, anasoma. Nikapaza sauti, "Bi Mwatumu!" Akageuka. Akageuka na chetezo. Kaa moja likaruka.

Sikupata kusikia kelele. Nilisikia *fup*, kama mtu anakung'uta shuka. Moto ukapanda kwenye gurudumu, ukaingia chini ya boneti iliyo wazi, ukashika waya. Bi Mwatumu kakamata chetezo hata sasa, anapiga mayowe ya Kiunguja halisi. Nikamwambia Bibi toka, toka! Akatoka, lakini badala ya kukimbilia ndani akavuta blanketi la kiti cha nyuma akaanza kuupiga moto. Mwanamke wa miaka sabini na kitu!

Na hapo mlango wa gereji ukanyanyuka. Mwaura. Ana mtungi wa kuzimia moto wa kwenye pikapu yake. Na mwalimu, sikuongopei, alikuwa amefumba macho. Mpresibiteri wa Thika, kwa heshima ya eda ya watu, anaingia motoni macho yamefumbwa ti!

"Niambieni uko wapi!" anapiga kelele. "Shosho, jifunike! Sioni kitu! Niambieni moto uko wapi!"

"Kushoto!" nikasema.

Akapuliza kushoto. Kushoto kulikuwa na Bi Mwatumu.

"Kushoto kwangu, si kwako!" nikasema.

"Kushoto ni ya nani sasa!"

"Mbele!" Bibi akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuendesha wizara. "Hatua mbili mbele, chini, puliza. Juu kidogo. Hapo hapo. Puliza, mwanangu, usiache."

Ukazimika. Gereji nzima nyeupe. Bi Mwatumu mweupe kama maiti aliyekafiniwa, chetezo mkononi, analia kimya. Mwaura akarudi kinyumenyume macho bado kafumba, akagonga mlango kwa kisogo, akasema, "Pole sana kwa kuingia," akatoka.

Bibi akainamia chini ya boneti. Kisha akamfuata Bi Mwatumu, akampangusa uso kwa pindo la mtandio. "Usilie shoga. Hilo lilikuwa gari. Wewe je, umeungua?"

Nikatazama. Waya zote, kutoka betri hadi taa, zimeyeyuka zikawa kama kamba ya tambi.

Jumapili, 20 Julai

Mjomba Yasir alinisubiri jikoni. Nilijiandaa kupigiwa kelele na majibu yangu tayari nimeyapanga, mazuri kweli. Hakupiga kelele.

"Ungekuwa mimi ungefanya nini?" akaniuliza.

"Ningeshika spana."

"Sabri, nimemzika baba Aprili. Jana ningeweza kumzika mama Julai. Na mkifaulu, ndiyo kwanza balaa. Gari halina mifuko ya hewa, mkanda wa tumbo tu, na hii Beltway, barabara kuu ya malori. Akipotea kwa ajili ya chuma cha kutu, mimi nitamwambia nani?"

Mwanzo nilimwona bwana mkubwa wa kanzu za pasi. Leo nimemwona kijana aliyefiwa na babake, mwenye mvi. Majibu yangu yakaniganda.

Lakini Bibi alikuwa ngazini, na yeye hakugandwa.

"Yasir. Nani alimpeleka babako kusafishwa figo, mara tatu kwa wiki, miaka minne? Theluji, mvua, malori? Wewe ulikuwa Herndon. Beltway mimi naijua matako yake na uso wake."

"Kwa Corolla, mama."

"Kwa Corolla. Sikuilalamikia hata siku moja." Akashuka ngazi moja. "Mwanangu, babako aliacha nyumba ya Unguja, saa, na vitabu. Hivyo vigawe. Mimi si katika mali aliyoiacha."

Mjomba akaweka kikombe kwenye sinki, akakiosha, akakiosha tena.

Jumamosi, 2 Agosti

Kumbe mtu mpole ndiye wa kuogopwa. Mjomba amelitangaza gari mtandaoni! Leo asubuhi kafika mnunuzi toka Manassas, mzungu mwenye ndevu na kofia, anataka kulitazama. Mjomba kampokea kwa bashasha zote, kamleta mpaka mlango wa gereji.

Mimi nilikuwa ndani. Nikamwambia Bibi, tumekwisha. Bibi aliweka chini koleo ya waya, akafungua mlango wa Firebird, akaketi kitini, akavuta mtandio mpaka puani.

"Mama," Mjomba akaita kwa nje, "kuna mgeni, naomba uingie ndani kidogo."

"Siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Nina kazi humu. Na mgeni wako ni mwanamume?"

"Ndiyo mama, lakini ni dakika…"

"Mimi ni kizuka, Yasir. Nionane na mwanamume ajnabi, ndani ya eda ya marehemu? Wewe ndiye uliyenisomea sheria. Mwambie arudi nikishatoka eda."

Nilijitia ngumi mdomoni. Mwaura alikuwepo kwenye ndoo yake, amegeukia barabara kama hajui kitu, mabega yanamtikisika. Nikasikia Mjomba anajaribu kumweleza mzungu eda kwa Kiingereza: kwamba ndani kuna mama, na mama hawezi kuonekana, na gari liko na mama. Mzungu akauliza kama anaweza kuliona gari bila kumwona mama. Bibi akapiga honi. Honi ndiyo waya ya kwanza tuliyoiunga.

Mzungu akaenda zake, akasema Mungu awabariki.

Jumamosi, 9 Agosti

Waya. Waya. Waya. Mwaura nje anasoma mchoro: "Nyekundu yenye mstari mweupe, iende kwa swichi!" Bibi ndani ana miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Ipo." "Ya zambarau, iende stata!" "Ipo." Mimi chini ya dashibodi kichwa chini miguu juu, damu yote imehamia masikioni. Bi Mwatumu anatuletea chai, na haruhusiwi kuingia na kitu chenye moto hata birika. Anaiacha mlangoni.

Mara tatu nimemsahihisha Bibi, mara tatu alikuwa sahihi. Sasa ninanyamaza, nafanya anachosema. Sijui lini imekuwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Jumatano, 13 Agosti

Limewaka! Likazimika. Limewaka! Likazimika. Mwaura anasema petroli haifiki. Nikasema najua. Sikujua.

Alhamisi, 14 Agosti

Ilikuwa pampu. Saa kumi na moja jioni limewaka na halikuzima. Mwalimu, sauti ile huisikii kwa masikio, unaisikia mbavuni. Bibi kajisitiri nyuma ya mlango wa jikoni, ule wa gereji tumeufungua wote, kanga zinapepea kwa moshi, vikombe vya jikoni vinagongana. Jirani kasimama na mbwa wake, mbwa kakaa chini. Mwaura amempigia kelele Bibi, "Shosho, hii kitu iko hai!" Namba za gari zimeshafungwa, bima imelipwa. Kilichobaki ni kesho, siku ya kutoka eda kwa hesabu ya miezi ya mwandamo.

Mjomba Yasir alisimama dirishani ghorofani. Nilimpungia. Akafunga pazia.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi wanawake walimjaa Bibi juu. Kaogeshwa, katiwa hina vidoleni, udi umefukizwa (juu, mbali na petroli, nilisimamia mwenyewe). Akashuka. Gauni la rangi ya asali. Buibui jipya. Bangili hakuvaa.

Nikatangulia kuchukua ufunguo kwenye msumari. Akanyoosha kiganja.

"Bibi, tulikubaliana mimi nilitoe."

"Ulisema. Mimi sikukubali. Kaa pembeni, funga mkanda."

Nikakaa pembeni. Nikafunga mkanda. Mimi, fundi mkuu!

Likawaka kwa mara moja. Tukainua mlango. Na pale mwisho wa njia ya gari, kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo: gari la umeme la Mjomba Yasir. Yeye mwenyewe kasimama mbele yake, kanzu ya Ijumaa, mikono kifuani. Wanawake wakajazana mlangoni. Mwaura akashuka kwenye ndoo.

Bi Mwatumu akapaza sauti, "Yasir, si ulisema likienda hutasema neno?"

Mjomba akaelekeza kidole mdomoni mwake mwenyewe. Hasemi.

Bibi akaliacha lingurume. Akatazama kushoto, ukuta wa jirani. Akatazama kulia. Kulia ni bustani ya Mjomba: nyasi anazozipiga dawa, anazozikata kwa mistari, anazozisifu kuliko watu wanavyowasifu watoto wao. Mjomba akaona mamake anatazama wapi. Akatoka mbio, akasimama katikati ya nyasi, mikono kaitawanya.

Bibi akatia gia. Gari likapanda nyasi taratibu, pua ile ndefu ikamsogelea mpaka ikabaki hatua moja na kanzu yake. Akasimamisha. Akateremsha kioo kwa kuzungusha.

"Yasir. Haki ya babako nimeitimiza. Sikupunguza siku, sikupunguza saa, sikutia hata wanja. Muulize yeyote. Miaka arobaini na kitu nimemtii, na eda nimemkalia. Kimekwisha alichokuwa ananidai. Miaka hii iliyobaki ni yangu, iwe mingi, iwe michache." Sauti haikupanda hata kidogo. "Sasa pisha, au panda nyuma."

Mjomba akatazama kiti cha nyuma. Akamtazama mamake. Macho yalikuwa yamejaa, na nilidhani atapanda, wallahi nilidhani. Akapisha.

Likashuka ukingoni, *gudu*, kichwa changu kikagonga paa, na tukawa barabarani. Nyuma vigelegele. Route 50 Bibi alitia gia ya pili, ya tatu, na kwenye taa nyekundu kijana mwenye gari jipya la michezo akafungua kioo akamwangalia yule ajuza wa buibui. Akaunguruma kidogo, kwa dharau. Bibi hakumtazama. Taa ilipobadilika, mwalimu, yule kijana mpaka sasa yuko pale.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo Mjomba Yasir kaamka mapema, kamwaga mbegu za nyasi kwenye zile alama mbili za matairi, kazifunika kwa majani makavu, kazinyunyizia maji. Kisha, bila kuambiwa na mtu, kaliondoa gari lake la umeme, kalipaki mtaani, mbali. Nimemtengenezea chai. Ameipokea.

Saa nne Bibi kashuka, kavaa miwani ya jua, kaliwasha. Akaniambia nibaki, leo anakwenda Columbia kumchukua Bi Mwatumu. Tukasimama mlangoni mimi na Mjomba, kila mtu na kikombe chake.

Njia ya gari ilikuwa wazi kabisa. Amepita kwenye nyasi.